Mluzi ule haukuwa wa Morricone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sijawahi kuandikia gazeti, na hata hii nimeichana mara mbili, maana kila nikianza hasira inaitangulia kalamu.

Katika toleo lenu la Jumapili iliyopita mlichapisha makala kuhusu Waitaliano waliotunga muziki wa filamu. Nilifurahi kuiona. Nina miaka kumi na tisa hapa Roma nikitunza wazee majumbani, na ni nadra kusoma kwa Kiswahili habari ya Italia isiyohusu mpira au Papa. Lakini mwandishi wenu anasema Ennio Morricone alipiga "mluzi wake maarufu" katika filamu za kauboi, na kwamba sauti ya kike inayosikika pale makaburini, katika mojawapo ya filamu hizo, ni ya "mwimbaji asiyejulikana". Nilipofika hapo niliweka simu mezani, nikaenda kubandika chai.

Mluzi ule ni wa Alessandro Alessandroni. Na mwimbaji huyo anajulikana sana, anaitwa Edda Dell'Orso.

Najua utajiuliza mtunza wazee ameyatoa wapi mambo haya. Bibi ninayekaa naye, hapa Garbatella, ni mjane wa mtu aliyeendesha mashine ya sinema zaidi ya miaka thelathini. Mzee alipofariki aliacha santuri sitini na kitu, zimepangwa kwenye kabati la vioo lililonunuliwa kwa ajili ya sahani za wageni. Sahani za wageni ziko chini ya kitanda. Kila siku baada ya chakula cha mchana tunaweka santuri moja. Bibi ana miaka 88. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linachagua la kusikia, kwa hiyo huvuta kiti karibu na spika akaikumbatisha kiganja. Ngoma zinamfikia. Besi inamfikia. Mluzi haumfikii, kwa sababu sauti nyembamba namna ile haitikisi ubao. Basi tumekubaliana: mluzi ukianza, mimi nanyanyua kidole. Naye huitikia kwa kichwa na kusema "Alessandroni", kama mwalimu anayeita mahudhurio na kumkuta mwanafunzi yupo.

Jina hilo nimelisikia mara nyingi kuliko majina ya wajukuu zake.

Alessandroni alizaliwa mwaka 1925, akafariki Machi 2017 akiwa na miaka 92. Alikuwa mtu wa studio: gitaa lake, mandolini, akodioni, pamoja na kwaya ndogo aliyoianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, I Cantori Moderni. Na pale mtunzi alipotaka mluzi, alisogea kwenye maikrofoni akaupiga. Nimejaribu kuuiga nikiosha vyombo (nililelewa nikiambiwa msichana hapigi mluzi, lakini hapa hakuna wa kunikemea). Siuwezi. Mluzi wa mtu wa kawaida unavuja. Sikiliza vizuri, utasikia hewa ikitoka pembeni ya sauti. Wa Alessandroni haupotezi hewa. Umekaza kama uzi uliopakwa nta, halafu mwishoni mwa kila mstari anautikisa kidogo tu, basi.

Hapa wanamuziki wa aina yake huitwa turnisti, watu wa zamu. Unaitwa, unafika na chombo chako, unawekewa karatasi mbele, unapiga, unalipwa zamu yako, unakwenda zako. Jina kubwa kwenye filamu na kwenye jalada la santuri ni la mtunzi. Kabla ya kuhamia kwa bibi huyu nami nililipwa hivyo hivyo, usiku kwa usiku, kukesha na wagonjwa, kwa hiyo neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Sasa, mwandishi wenu asidhani namwonea wivu Morricone kwa niaba ya wengine. Morricone mwenyewe alikuwa mtoto wa mpiga tarumbeta, na tarumbeta ndicho chombo alichosomea katika chuo cha muziki cha Santa Cecilia kabla ya kupata cheti cha utunzi chini ya Goffredo Petrassi. Na yeye pia aliwahi kufichwa jina. Filamu ya Per un pugno di dollari ilipotoka mwaka 1964, wenye mali waliogopa kwamba Waitaliano hawatanunua tiketi ya filamu ya kauboi iliyotengenezwa na Waitaliano wenzao. Mwongozaji, Sergio Leone, akaandikwa Bob Robertson. Gian Maria Volonté, yule mwovu mwenye bunduki ndefu, akaandikwa John Wells. Morricone akawa Dan Savio. Bibi hucheka hadi kukohoa kila tukifika hapo. Anasema Roma nzima ilijua ni akina nani, labda Marekani peke yake ndiyo iliyodanganywa.

Kuna kisa cha filamu hiyo hiyo ambacho makala yenu ingefaa kukisimulia. Leone na Morricone walisoma darasa moja shule ya msingi, wakapoteana, wakakutana tena watu wazima. Morricone wakati huo alikuwa akipangia waimbaji nyimbo za santuri, na mwaka 1962 alimpangia Mmarekani mmoja aliyeishi hapa, Peter Tevis, wimbo wa Woody Guthrie. Nyuma ya sauti ya Tevis aliweka mijeledi, kengele na sauti za kwaya zinazokatwakatwa. Leone aliposikia akautaka muziki ule bila mwimbaji. Maneno yakaondolewa, mahali pa sauti ya Tevis pakaingia mluzi. Kwa hiyo mluzi ule uliobadilisha filamu za kauboi ulikaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Halafu tarumbeta. Leone aliitaka kwa ajili ya pambano la mwisho, na alimtaka Nini Rosso, mpigaji mwenye jina kubwa. Morricone akakataa, akamtaka Michele Lacerenza. Walivutana, Morricone akashinda. Ukiisikiliza leo utaona alikuwa anapigania nini: Lacerenza hapigi kwa kujionyesha, anazungusha noti mwishoni kama mtu anayekunja barua asiyotaka kuituma. Santuri yetu imekwaruzika hapo hapo, sindano inaruka kipande kidogo, nami nimeshazoea kiasi kwamba nikiisikia nzima mahali pengine naona kama wameongeza.

Edda Dell'Orso nilitaka nimweke peke yake.

Mimi naimba sauti ya tatu katika kwaya ya parokia yetu, sauti ambayo watu huisikia ikikosekana tu. Kwa hiyo najua ninachokisema: kuimba bila maneno ni kazi ngumu kuliko kuimba na maneno. Neno linakupa mahali pa kuegemea, linakupa konsonanti ya kuanzia na ya kumalizia. Ukiondolewa neno, unabaki na "aa" na pumzi yako, na kila ulichokuwa unaficha kinasikika. Dell'Orso alizaliwa Genova mwaka 1935, akaja kusomea uimbaji Santa Cecilia, akaingia kwenye kwaya ya Alessandroni. Morricone akamtoa kwenye safu ya kwaya akamfanya chombo. Katika Il buono, il brutto, il cattivo ya mwaka 1966, yule jambazi Tuco anakimbia kati ya makaburi maelfu akitafuta kaburi moja lenye dhahabu. Kamera inazunguka naye hadi misalaba inageuka mistari, na sauti ya Dell'Orso inapanda, inapanda, hadi unajiuliza atashukia wapi. Kipande hicho kinaitwa L'estasi dell'oro. Huyo ndiye "asiyejulikana" wenu.

Lakini mimi wangu ni ule wa mwaka 1968, C'era una volta il West. Morricone aliuandika muziki kabla filamu haijapigwa, na Leone akawa anaupiga pale pale kazini ili waigizaji watembee ndani yake. Claudia Cardinale anashuka kwenye treni amevaa vizuri. Anatazama huku na huku. Watu wanapokewa, mizigo inashushwa, yeye hakuna aliyekuja kumpokea. Anatazama saa ya stesheni, anatoa ya kwake, anailinganisha. Anatembea hadi ofisi ya stesheni, kamera inabaki nje ikimchungulia dirishani akiuliza njia. Sauti ya Dell'Orso imeshaanza kwa chini. Halafu Cardinale anatokea upande wa pili, na kamera inanyanyuka juu ya paa, mji mzima unafunguka, na hapo hapo, kwenye noti ile ile, orkestra yote inaingia na Dell'Orso juu yake.

Mimi nilishuka Termini, stesheni kuu ya Roma, Oktoba, na sanduku lenye gurudumu moja lililovunjika. Aliyeahidi kunipokea hakuja, simu yake haikupatikana siku ile wala siku nyingine. Nilikaa kwenye benchi nikilinganisha saa ya stesheni na ya mkononi, kana kwamba kosa lilikuwa la saa. Hakukuwa na muziki, palikuwa na tangazo la treni ya Napoli iliyochelewa. Miaka mitano baadaye bibi aliponiwekea filamu ile kwenye televisheni, sikuweza kumalizia kupiga pasi. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha mkono akapunguza sauti, halafu akaghairi, akaongeza.

Katika filamu hiyo hiyo kuna kinanda cha mdomo, kile anachopuliza Charles Bronson. Aliyepuliza kweli ni Franco De Gemini. Kile hakikuwa pambo. Kisa chote kimefungwa ndani ya kinanda kile: mtoto amebeba kaka yake mabegani, kamba iko shingoni mwa kaka, na muuaji anamsukumia mtoto kinanda mdomoni. Ndiyo maana sauti yake haichezi, inahema. De Gemini alilazimika kupuliza kama mtu anayeishiwa nguvu za miguu. Msije mkaniambia kazi ya namna hiyo iko yote kwenye karatasi ya mtunzi.

Mwandishi wenu alimtaja pia Piero Umiliani kwa sentensi moja, kama mtu wa "vichekesho". Haya. Lakini ule wimbo wa Mah Nà Mah Nà, ambao watoto wa dunia nzima wanaujua kupitia vikaragosi vya televisheni ya Marekani, Umiliani aliutunga kwa filamu ya Kiitaliano kuhusu Uswidi mwaka 1968, na wanaoimba ni huyo huyo Alessandroni na mkewe Giulia. Unaona? Ukichimba popote kwenye muziki wa miaka ile hapa Roma, unakuta mtu mmoja amesimama nyuma ya mlango.

Kuhusu Nino Rota sina ugomvi nanyi, ila mngesema kwamba uteuzi wake wa Oscar kwa The Godfather ulifutwa mwaka 1973 baada ya kugundulika kwamba wimbo wa mapenzi aliutoa kwenye kazi yake mwenyewe ya zamani, filamu ya Fortunella ya mwaka 1958. Alijiibia! Miaka miwili baadaye akaipata kwa sehemu ya pili, pamoja na Carmine Coppola. Na Fellini, mwongozaji wa filamu aliyefanya naye kazi tangu mwaka 1952 hadi Rota alipofariki mwaka 1979, alizikwa kwa muziki wake: katika ibada ya mazishi mwaka 1993, kanisa la Santa Maria degli Angeli, hatua chache kutoka Termini, Mauro Maur alipiga tarumbeta kipande cha Rota kwa ombi la mjane, Giulietta Masina. Hapo tena, mpigaji ana jina.

Luis Bacalov, aliyepata Oscar kwa Il postino, alizaliwa Argentina. Mlimwita Mwitaliano wa asili, nami kama mgeni mwenzake nikatabasamu. Nicola Piovani, aliyeipata mwaka 1999 kwa La vita è bella, kwa miaka mingi watu walidhani ni jina la bandia la Morricone. Hebu fikiria kufanya kazi maisha yako yote na watu wanasema hupo.

Iko santuri moja ambayo sipendi kuigusa. Ni ya Riz Ortolani, mtu wa Pesaro, aliyekwishapata sifa duniani kwa wimbo wa Mondo cane wa mwaka 1962, ule ambao mkewe, Katyna Ranieri, aliuimba kwenye sherehe za Oscar. Jina la santuri ni Africa addio, filamu ya Jacopetti na Prosperi ya mwaka 1966. Makala yenu iliitaja kwenye orodha ya "nyimbo tamu za Ortolani" bila neno la ziada. Ni tamu, sikatai. Fidla zimepangwa kama shuka zilizopigwa pasi. Lakini filamu yenyewe imejaa dharau kwa Waafrika, na ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani Zanzibar, Januari 1964, maiti zikiwa zimelala chini. Ni ndugu zetu wale, wamepigwa picha kama nyumbu wanaovuka mto. Gazeti la Kiswahili haliwezi kupita hapo likisifu fidla tu. Bibi aliniuliza kwa nini hiyo siiweki kamwe. Nilimweleza kwa Kiitaliano changu, nikatafuta maneno, mengine sikuyapata. Siku iliyofuata nilikuta ameihamishia chini ya kitanda, kwenye sahani za wageni. Kwa umri wake kuinama vile si jambo dogo.

Masahihisho mengine ni mafupi. Morricone hakupata Oscar kwa filamu yoyote ya Leone. Aliteuliwa mara tano kwa filamu nyingine akakosa zote, akapewa ya heshima mwaka 2007, Clint Eastwood akiwa jukwaani akimtafsiria kwa sababu mzee alisema Kiitaliano chake bila kuomba radhi. Ya ushindani aliipata mwaka 2016, ana miaka 87, kwa The Hateful Eight ya Quentin Tarantino. Na orkestra katika kazi zake nyingi za miaka ya 1960 haikuongozwa na yeye bali na Bruno Nicolai, mtunzi naye, mwenzake wa Santa Cecilia.

Alhamisi mchana ni mapumziko yetu sisi tunaolala kazini. Rafiki yangu anafanya kazi Parioli, kwa hiyo napanda treni hadi stesheni ya Euclide. Pale uwanjani kuna kanisa kubwa la mviringo, na chini yake, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, kuna studio iliyoanzishwa karibu na mwaka 1970 na Morricone, Bacalov, Armando Trovajoli na Piero Piccioni. Nimepita hapo miaka nikidhani ni kanisa tu. Siku bibi aliponiambia, niliingia, nikapiga magoti, na Mungu anisamehe, badala ya kusali nilitega sikio sakafuni. Sikusikia kitu. Zege ni zege.

Julai 2020 Morricone alipofariki, wakili wake alisoma hadharani barua aliyoiandika mwenyewe. Inaanza kwa kutangaza kwamba yeye, Ennio Morricone, amekufa. Alitaka mazishi ya faragha kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu. Kilichobaki cha barua ile ni majina: marafiki, dada zake, wakwe, watoto, wajukuu, na mwisho kabisa mkewe, Maria. Bibi aliikata kwenye gazeti, iko mlangoni mwa friji, imeanza kugeuka rangi.

Ndugu Mhariri, naelewa ukurasa wa barua una mipaka, na mimi nimeshavuka. Kama lazima mkate, kateni habari zangu zote, sanduku, sahani na kanisa. Bakisheni haya, na myachape kwa ukubwa ule ule mlioliandikia jina la Morricone: mluzi, Alessandro Alessandroni, sauti, Edda Dell'Orso, tarumbeta, Michele Lacerenza, kinanda cha mdomo, Franco De Gemini, gitaa katika Il buono, il brutto, il cattivo, Bruno Battisti D'Amario. Nimeyanakili kwa lenzi ya bibi kutoka kwenye majalada na makaratasi ya marehemu, na yeye ameyahakiki herufi kwa herufi. La mwisho amenisahihisha: ile alama ya juu inakaa baada ya D.

Wako msomaji,
Mtunza wazee, Roma